"Ningekufa kuliko kuishi hivyo": jibu kwa kijana wa Tanga anayeuliza kwa nini babu zake hawakukimbia

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma yote, tena mara mbili, na naiweka kwa ufupi ili mwingine akisoma jibu aelewe tunaongea nini. Wewe ni kijana wa Ngamiani, umesikia kwa shangazi kwamba babu wa babu yako upande wa mama, kule Pangani, alikuwa mtumwa kwenye shamba la miwa, ukiuliza nyumbani wanakukata kauli, inakuuma, na unasema "mimi ningekufa kuliko kuishi hivyo, kwa nini hawakukimbia, mtu alikuwa tayari kutoa nini ili awe huru, au ndo walizoea tu?"

Hilo la "walizoea tu" naomba tuliondoe kabisa. Nimefundisha historia ya pwani hii miaka mingi na hakuna neno linaloniuma kama hilo, sababu linatoka kwa watoto wao wenyewe. Watu walitoa vingi sana kutafuta uhuru, wapo waliotoa roho, wapo waliotoa mishahara ya miaka, ila ukikaa na habari zao kwa muda utaona bei yenyewe iliyokuwa inadaiwa kila mara ni watu. Uwape kisogo watu wako, au uishi bila watu. Na kwa mtu wa enzi zile hiyo ilikuwa nzito kuliko kufa.

Ngoja nikuelezee vizuri, mana picha mliyonayo vijana imetoka kwenye sinema. Mnafikiria minyororo, Bagamoyo, meli, basi. Njia ya Ujiji mpaka Bagamoyo, kama kilometa 1,200 kwa miguu, wengi waliopita na pembe za ndovu mabegani walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru wanaolipwa, wanagoma wakionewa na wanarudi kwao na nguo. Watumwa walipitishwa pia ndio, ila bandari kubwa ya watumwa ilikuwa Kilwa Kivinje. Sasa huku kwetu Pangani ishu ilikuwa tofauti, mtu hapiti, anakaa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, lakini utumwa wenyewe haukuguswa, kwahiyo watu walioletwa kutoka bara wengi wakabaki huku huku Mrima, yani pwani yetu hii inayotazama Unguja, na mashamba ya miwa kandokando ya mto Pangani yalikuwa yanapanuka na yanataka mikono. Babu wa babu yako yumkini kaingia kipindi hicho au baadae kidogo.

Sasa jiulize alikuwa nani siku anafika. Wengi walikuwa watoto au vijana wadogo, wa kutoka upande wa ziwa Nyasa au Manyema, huko Kongo ya mashariki, au hata jirani tu hapo Uzigua baada ya njaa, mmoja mmoja, wametenganishwa na ndugu njiani, na lugha ya hapa hawaijui. Enzi hizo hakuna polisi hakuna kitambulisho, kilichokulinda ni ukoo wako, yani ukishikwa nani anakuja kukudai, ukikosa nani analipa faini, ukitaka kuoa nani anakwenda kuposa, ukifa nani anakuzika. Mtumwa ndo mtu aliyekatwa hapo. Akikimbia peke yake kutoka Pangani kurudi Nyasa ni miezi ya kutembea katikati ya nchi za watu, na kila kijiji atakachopita wanaona kitu kimoja, mtu asiye na mwenyewe, anashikwa anauzwa tena, pengine mbali zaidi. Kwahiyo kukimbia peke yako mara nyingi ilikuwa ni kubadilisha bwana tu, na bwana mpya humjui.

Alafu miaka inapita. Huyo mtoto anakua, anajifunza lugha, anapata somo, yani mtu wa kumfunda mambo ya utu uzima, anapata mke, anaingia kwenye chama cha ngoma, anajifunza sala, watoto wake wanazaliwa hapa wanaitwa wazalia na wazalia wana heshima zaidi ya mgeni, hawauzwi ovyo. Kwa desturi ya pwani mtumwa wa shamba alikuwa na siku zake, mara nyingi Alhamisi na Ijumaa, analima konde lake mwenyewe. Amejijengea watu upya kutoka sifuri! Sasa we unamwambia akimbie, maana yake hao nao awaache, kwa mara ya pili kwenye maisha yake.

Kuna habari ya binti wa Kiyao anaitwa Swema, mapadri wa Zanzibar waliiandika kutoka kinywani mwake miaka ya 1860 ndo mana tunayo. Mama yake alikuwa na deni, aliyemdai akamchukua mtoto akamuuza kwa msafara wa watumwa. Mama alikuwa huru, angebaki. Akamwomba mwenye msafara amchukue na yeye, atabeba pembe ya ndovu, bora tu awe na mwanawe. Wakaondoka pamoja, njiani mama akaishiwa nguvu, akaachwa, akafa. Swema akafika Unguja yuko hoi kiasi kwamba alionekana amekwisha, akafukiwa kwenye shimo fupi, kijana mmoja akasikia sauti akamtoa, akapelekwa misheni akapona. Mimi kila nikifundisha habari hii darasani watoto wananyamaza, kisha mmoja lazima aulize kwa nini yule mama alijitia utumwani mwenyewe. Alijua anachofanya. Alikuwa na uhuru mkononi akautoa, kwa sababu uhuru bila yule mtoto hakuuona una kazi gani.

Na masuria je, yani watumwa wanawake waliowekwa na bwana kama wake? Hawa wanasemwa vibaya sana bila kufikiriwa. Kwa sheria iliyokuwa inafuatwa pwani, mtoto wa suria na bwana wake anazaliwa huru, ana jina la baba na urithi kama ndugu zake, na mama akishazaa hauzwi tena, bwana akifa anakuwa huru. Sultani Barghash mwenyewe, huyo aliyesaini 1873, mama yake alikuwa suria. Sasa chukua mwanamke wa miaka ishirini amebeba mtoto ambaye akikaa atakuwa mungwana na akikimbia naye atakuwa mtoto wa mtoro asiye na baba. Akakaa. Kalipa uhuru wa mwanawe kwa miaka yake mwenyewe, na hao wako wengi kwenye pwani hii, mabibi zetu, sijui nani ana haki ya kuwaita waoga.

Wapo waliojikomboa kwa pesa. Qurani katika Surat an-Nur aya ya 33 inamwelekeza mwenye mtumwa amwandikie mkataba mtumwa anayetaka kujikomboa kama anaona kheri kwake, na watu walilijua hilo. Mtu anaomba ruhusa anakwenda kufanya kibarua mjini au anaingia kwenye msafara kama mpagazi, ujira wake sehemu kubwa, mara nyingi nusu, inakwenda kwa bwana, inayobaki ndo ale avae na aweke akiba ya kujinunua. Fikiria hesabu hiyo. Mjerumani mwaka 1901 akatoa amri kwamba mtumwa asizuiwe kujikomboa na apewe siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi zake, yani kilichokuwa desturi ndo kikawa sheria. Tena hata akimaliza kulipa, hakatiki na ile familia, anabaki chini ya ulinzi wao, akifa hana warithi wao ndo wanarithi, na wengi walitaka iwe hivo, kwa sababu angeenda wapi na kwa nani.

Turudi kwenye kukimbia, mana walikimbia! Hili ndo shangazi yako hakukwambia. Miaka ya 1870 hapo hapo Pangani watumwa wa mashamba ya miwa waliasi wakatoka kwa wingi, wakajenga vijiji vyao vya watoro ndani. Kilichowatoa ni nini? Miwa haisubiri. Ikishaiva inakatwa na kukamuliwa na kuchemshwa usiku na mchana, mabwana wakaanza kula zile siku mbili za mtumwa, wakaanza kuwatendea wazalia kama wageni wa jana. Walivumilia utumwa uliokuwa na mipaka, mipaka ilipovunjwa wakaondoka. Na waliondoka kundi. Huko msituni hawakuwa salama moja kwa moja, ilibidi waegemee machifu wa Kizigua wenye nguvu, na wengine wao nao wakateka watu wakawauza, naandika hili kwa uchungu ila ndo ilivyokuwa. Wakavaa kofia na kanzu pia, mana mtumwa mbele ya bwana wake alitakiwa awe kichwa wazi na miguu mitupu. Haya ya mavazi ameyaandika mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Na yeye ana lake, alioa Mjerumani mwaka 1904, walipotaka kurudi nyumbani mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakataa mkewe asishuke pwani hii, akachagua kurudi Ujerumani naye, akafia Berlin mwaka 1927. Bagamoyo ilikuwa ndo bei yake.

Ila kama unataka habari kubwa kabisa ya kukimbia, mwanangu, iko mkoani kwako, Handeni, na nashangaa haifundishwi kila shule ya Tanga. Miaka ya 1830 kulikuwa na ukame mkali Uzigua. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula, wengine wakapandishwa vyombo kwa ahadi ya kazi na chakula, wakajikuta Somalia, wameuzwa kwenye mashamba ya huko Benadir, pwani ya kusini ya nchi hiyo. Baada ya miaka wakatoroka. Mapokeo yao yanasema aliyewaongoza ni mwanamke, Wanankucha, na nia yao ilikuwa kutembea kurudi kwao, Uzigua, kwa miguu kutoka Somalia! Hawakufika. Walisimama mto Juba, kwenye msitu wenye mbung'o ambao wafugaji na ng'ombe zao wanauogopa, wakafyeka wakalima, wakapigana na waliowafuata, wakakaa hapo vizazi na vizazi.

Walichotoa hao ni kile chakula cha uhakika kidogo walichokuwa nacho, waliozeeka na walioshindwa kutembea, na ile ndoto yenyewe ya kufika nyumbani. Walichokataa kutoa ni lugha. Kwenye msitu ule ule wa Juba walikuwepo watoro wengine, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, hao wengi wamepotelewa na lugha zao wakachukua Kisomali, ila Wazigua wamebaki na Kizigua chao. Kisha mwaka 1991 vita ya Somalia ikalipuka, wakaporwa wakauawa, wakakimbilia Kenya, Dadaab, na sehemu yao hawakutaka kuishia kambini, wakaendelea mpaka Tanga. Wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu alafu Chogo, na wazee wa Handeni waliwasikia wanavyoongea wakawaelewa, zaidi ya miaka 150 baada ya wale wa kwanza kuondoka. Serikali yetu ikawapa uraia. Wengine maelfu walichukuliwa Marekani na wako huko mpaka leo na Kizigua chao.

Sasa tazama kwa nini hawa waliweza na babu yako huenda hakuweza. Hawa walichukuliwa pamoja. Watu wa nchi moja, lugha moja, ukimwambia mwenzio usiku kwamba kesho tunaondoka anakuelewa na hakuuzi. Walikuwa na watu wa kukimbia nao, na walikuwa na mahali pa kukimbilia ambapo bado wanapataja kwa jina. Mtoto wa Nyasa aliyefika Pangani peke yake hana hata kimoja. Ujasiri unaweza kuwa ule ule. Mimi nauona hivo, na hata sasa ukimwona mtu amekaa kwenye jambo linalomuumiza, ndoa, kazi ya ndani, deni, huwa nauliza kwanza akitoka atakuwa na nani, kabla sijamwambia neno lolote kuhusu kuwa jasiri.

Kuhusu hilo lako la "ningekufa". Nalipokea, wewe ni kijana na najua unalisema kwa moyo. Lakini mtu aliyekufa kwa ajili ya uhuru hapo Pangani tunaye, Abushiri bin Salim al-Harthi. Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, Agosti wakaja Pangani na bendera yao na dharau yao, watu wakainuka, na Abushiri akawa kiongozi wao mpaka alipokamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mimi namheshimu. Ila alikuwa na shamba la miwa na alikuwa na watumwa. Kwenye ile vita walikuwemo majumbe, yani wakuu wa miji ya pwani, wapagazi, watumwa, na watoro, na kila mmoja akipigania uhuru anaoujua yeye. Jumbe alitaka Mjerumani asimwamrishe, mtumwa alitaka kofia kichwani na konde lake na asitukanwe mbele ya watoto wake. Walikufa pamoja, hawakuwa wanataka kitu kimoja. Kwahiyo mtu kuwa tayari kufa haitoshi kuniambia alikuwa anapigania uhuru wa nani, na yule aliyebaki hai akalea watoto huru siwezi kumweka chini yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole mno. Mjerumani hakufuta utumwa, alitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, makumi ya maelfu ya hati, na akatangaza kwamba watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 na Mwingereza. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili, siyo zamani hata kidogo. Na waliopata hati wengi hawakutaka tena kusikia kazi ya shamba la mtu, mkonge umeshapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, toka 1893, vibarua hawapatikani, ndo ikaja kodi ya nyumba mwaka 1898, ikaja kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi za kibarua, wakaja watu wa mbali waliokuja kuitwa manamba. Hiyo ni stori nyingine ndefu. Misheni ya Bagamoyo nayo, iliyoanza 1868, ilikomboa watoto wengi ikawajengea kijiji, lakini walipangiwa kazi na hata ndoa, na wapo waliotoroka huko pia. Sikwambii haya kuwalaumu mapadri. Nakwambia mtu akishakuwa huru anataka achague nani awe naye.

Nimefika nyumbani kwenu sasa. Umesema wanakukata kauli ukiuliza, na unaona wanaficha aibu. Mimi naona ile kimya ni sehemu ya malipo. Mtu alipotoka utumwani pwani hii, ili mwanawe aoe kwa watu, akae mbele msikitini, asiitwe jina la kumdhalilisha kwenye ugomvi wa kisimani, ilibidi mzee aache kutaja kwao. Aliacha jina la Nyasa, akachukua jina la Kiislamu na mara nyingine nisba, yani jina la ukoo, ya familia ya bwana wake, watoto wakakua wanaambiwa sisi ni watu wa hapa hapa. Alikuwa na mto wake, kilima chao, jina la mama yake, akaviweka chini ili wewe leo uweze kusema "mimi mtu wa Tanga" bila mtu kukucheka. Vile viliuma kuachwa pengine kuliko vyote nilivyotaja, na aliviacha akijua. Kwahiyo ukiingia kwa mama mkubwa na swali la "sisi tulikuwa watumwa, ndiyo au hapana" unamwomba avunje kitu kilichonunuliwa kwa gharama kubwa, lazima akufukuze.

Uliza hivi. Uliza babu alifikia kwa nani Pangani. Uliza shamba lilikuwa upande gani wa mto, nani alimwozesha, amezikwa wapi na amezikwa na nani, kuna nyimbo gani bibi alikuwa anaimba ambayo maneno yake hamyaelewi. Hilo la nyimbo usilidharau, na maneno ya kunyamazisha mtoto pia, na majina ya utani ya ndani ya ukoo, mana hapo ndo lugha za kwao hujificha. Nenda na sukari na majani ya chai, kaa, usitoe simu kurekodi siku ya kwanza. Usimhoji mzee mbele ya wakwe.

Ukipata jina la shamba au la mwenye shamba, nitumie. Nyaraka za Taifa pale Dar zina mafaili ya enzi ya Mjerumani, mengi yako kwa Kijerumani cha mkono lakini wapo wanaoyasoma, na kwa jina la shamba na makadirio ya mwaka tunaweza kuanza kutafuta. Bila jina hatuna pa kushika. Na kama shangazi yako, huyo aliyekuambia, bado yuko hai na ana nguvu, anza naye yeye wiki hii, usingoje Idi.